Jukwaa la Walewale: Klabu ya Mkoani Itapataje Mashabiki Wapya?

Katibu wa klabu moja ya mkoani ameniandikia ujumbe mrefu. Timu yao inacheza Ligi ya Mkoa kwenye uwanja wa halmashauri ambao ukuta wake umebomoka upande mmoja, na kila mechi ya nyumbani wanapata watu mia tano mpaka mia sita. "Tatizo ni walewale," anasema. "Vijana wa bodaboda, wazee wa kijiwe cha kahawa na watoto wanaoruka ukuta. Akina mama hawaji, watumishi waliohamia hawaji, Wasabato hawaji, wanachuo ndiyo kabisa. Tumefanya hamasa mpaka tumechoka." Nilipomuuliza hamasa gani, akanitajia gari la matangazo, msanii wa singeli na jezi za waridi "kwa ajili ya wanawake".

Jezi za waridi! Viongozi wetu wa mpira bwana.

Nilishasema na nitasema tena, hata kama kuna wanaocheka. Mtu asiyekuja uwanjani hajakosa hamasa, ana sababu. Na sababu yenyewe mara nyingi ni kitu unachoweza kukishika kwa mkono: komeo la choo, saa ya mechi, jua la usoni, tusi linaloimbwa kwa ngoma, usafiri wa kurudi nyumbani. Gari la matangazo likizunguka mji mzima siku tatu halirekebishi hata kimoja katika hivyo.

Kabla hujanunua chochote, hesabu. Sizungumzii mapato ya mlangoni, nazungumzia watu. Weka kijana mwenye kauntabuku kwenye kila lango, achore mistari mitanomitano katika safu nne: wanaume wazima, wanawake, watoto walioletwa na mtu mzima, watoto waliokuja wenyewe. Kila mtu wa kumi aulizwe swali moja tu: "Unatokea mtaa gani?" Fanya hivyo mechi tatu mfululizo. Hapo ndipo utajua kama shida yako ni wanawake kwa ujumla au ni wanawake wa kata mbili za mbali tu, maana dawa zake ni tofauti. Kosa linalofanyika sana ni kumpa kazi hii mkata tiketi. Foleni ikikaza anaacha kuchora, na jioni anabuni namba ili akuridhishe.

Sasa twende kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotezwa bila klabu kujua. Dakika 90, mapumziko 15 na nyongeza ya dakika tano au sita zinafanya karibu dakika 111. Mechi ya saa kumi kamili inaisha saa kumi na mbili kasoro. Mechi ya saa kumi na nusu inaisha saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kwa Tanga au Dar es Salaam, ambako jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea na mwezi, ile nusu saa ndiyo inayoamua kama mama atarudi nyumbani kuna mwanga au atapita vichochoro gizani huku kabeba mtoto na chakula hakijabandikwa jikoni. Bukoba na Kigoma wana unafuu wa karibu nusu saa kwa sababu wako magharibi. Kwa hiyo msiige ratiba ya mkoa mwingine, tazameni jua la kwenu.

Saa kumi kamili ina doa moja: alasiri. Adhana inaingia karibu na saa tisa na nusu kuelekea saa kumi, na mtu anayeswali msikitini kwanza anafika uwanjani kipindi cha kwanza kimefika katikati, au anaona isiwe taabu. Tandikeni mikeka minane upande wa kivuli, wekeni mapipa mawili ya maji yenye bomba na kata, na funguo za eneo hilo mpeni mtu mmoja mzima anayeheshimika. Gharama yake haifiki nusu ya ile ya msanii wa singeli.

Halafu kuna Jumamosi. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha jua linapozama Jumamosi. Ukiwa Upareni, Mara au kule Kisii, ukiweka mechi zako zote za nyumbani Jumamosi saa kumi umewafungia nje majirani wengi sana, kisha unashangaa "hawana mwamko". Mwandikie barua katibu wa chama cha mpira cha mkoa kabla ratiba haijatoka, omba angalau nusu ya mechi za nyumbani ziwe Jumapili. Ratiba ikishatoka hakuna atakayekusikiliza. Na hiyo Jumapili uitazame pamoja na ratiba ya Ligi Kuu. Simba au Yanga wakicheza saa kumi siku hiyo, kibanda umiza cha kutazamia mpira kwenye runinga kitakunyang'anya watu kwa shilingi 500, na huna ubavu wa kushindana nacho. Wakicheza saa moja usiku, huna wasiwasi.

Choo sasa. Najua mnaona aibu kulijadili kwenye kamati ya utendaji, ndiyo maana halitatuliwi. Piga hesabu: mapumziko ni dakika 15. Mwanamke mmoja, hasa akiwa na mtoto, anatumia kama dakika tatu. Tundu moja linahudumia watu watano tu kabla mpira haujaanza tena. Kama unataka wanawake mia, na robo yao wakaenda wakati wa mapumziko, unahitaji matundu matano, siyo lile moja lililoandikwa KE kwa mkaa. Huna hela ya kujenga? Kaongee na shule, kanisa au zahanati iliyo jirani na uwanja, mkubaliane wafungue vyoo vyao siku ya mechi, na klabu imlipe mlinzi na mfanya usafi. Kisha angalia mlango wenyewe kwa macho yako. Ingia ndani, ujifungie. Komeo liko ndani au liko nje? Linafika, au fremu imepinda na mlango unabaki wazi vidole viwili? Kuna ndoo ya maji, sabuni, chombo chenye mfuniko cha kutupia pedi, msumari wa kutundika mkoba? Njia ya kwenda huko inapita mbele ya jukwaa la vijana? Kama inapita, komeo la dhahabu halitasaidia. Fungua njia nyingine.

Upande wa kukaa ni jambo dogo lenye faida kubwa. Jioni jua liko magharibi, kwa hiyo wanaokaa mashariki wanapigwa usoni dakika zote tisini. Upande wa magharibi wenye kivuli kwa kawaida umeshikwa na meza ya wageni rasmi, viti hamsini vya plastiki na nusu yake vitupu. Chukueni theluthi ya upande huo muifanye sehemu ya familia, tiketi kwa bei ileile ya kawaida. Mtu wa kiti mwendo naye apewe nafasi hapohapo, asipelekwe kwenye kona ya bendera. Lango liwe na upana usiopungua sentimita 90. Kama kuna ngazi, kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko, yaani ngazi ya sentimita 15 inahitaji ubao wa karibu mita 1.8. Mafundi wengi hukata ubao wa mita moja kuokoa mbao, na matokeo yake mtu anasukumwa na vijana wanne kama gunia. Harudi tena, na ana haki.

Mlangoni pawe na mgambo au mlinzi wa kike wa kupekua wanawake. Asipokuwepo, wanaume wasiguse mkoba wa mtu. Na mkuu wa ulinzi awe na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chenu cha polisi, aliyoipata kabla ya mechi, maana akija kuitafuta wakati kuna fujo ameshachelewa.

Matusi. Hapa wengi hukosea kwa kutangaza kwenye spika "tunaomba lugha ya staha". Ukitangaza hivyo wimbo unapaa maradufu. Anayeongoza ushangiliaji ni mtu, ana jina, mnamjua, na mara nyingi ngoma anazopiga zilinunuliwa na klabu. Kaeni naye katikati ya wiki. Mwambieni nyimbo zipi zinabaki na ipi inaondoka, na kwamba ile ikiimbwa ngoma zinarudi stoo dakika kumi. Tekelezeni hilo mara ya kwanza bila huruma, hata kama timu inaongoza. Pia isogezeni ngoma nyuma ya goli la mbali na sehemu ya familia. Mtoto wa miaka minne akiumwa masikio, mama yake anaondoka mapumziko.

Kuhusu kuwaleta watu wenyewe: wanawake wengi wa mitaani kwetu hawaji uwanjani mmojammoja, wanakuja na wenzao. Kwa hiyo usiuze tiketi kwa mtu mmoja, uza kwa kikundi: kikoba, kwaya, akina mama lishe wa soko, walimu wa shule moja. Kama kiingilio ni 1,000, mpe mwenyekiti wa kikoba tiketi ishirini kwa mali kauli. Kila tiketi atakayouza, 200 ni yake au ya mfuko wao, zisizouzwa azirudishe saa nne asubuhi siku ya mechi. Msigawe bure. Tiketi ya bure haina mwenyewe: nusu wanaipuuza, nyingine utazikuta mikononi mwa walanguzi langoni.

Watoto ndio mlango mpana kuliko yote. Chukua shule nne za msingi, watoto kumi na wawili kila shule, wacheze mechi za dakika ishirini kuanzia saa nane na nusu kabla ya mechi kubwa. Watoto 48, kila mmoja na mzazi au shangazi wa kumwangalia, na hao wazazi ni wa kila dini na kila kabila lililopo mjini, kwa sababu shule ya serikali haichagui. Barua ipitie kwa Afisa Elimu Kata na mwalimu mkuu wiki mbili kabla. Mwalimu mmoja kwa kila shule abaki na orodha ya majina, na kila mtoto akabidhiwe kwa mtu anayejulikana kabla filimbi ya mwisho haijapigwa. Mtoto mmoja akipotea mjini saa mbili usiku, mpango umekufa kwa mwaka mzima.

Sasa nije kwenye ukabila na "wenyeji", ambako watu hupenda kuzunguka mbuyu. Kenya inatupa funzo. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya ilibadili jina ikawa AFC Leopards wakati serikali ilipokataza majina ya kikabila michezoni. Jina likaondoka, jukwaa likabaki la walewale kwa muda mrefu. Kubadili jina ni rahisi kuliko kubadili nani anakaa na nani. Linganisha na MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987. Wao waliingiza usafi wa mtaa ndani ya ligi yenyewe: timu ilipata pointi kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka, siyo kwa kushinda mechi tu. Kwa hiyo watu wa mtaa waliwajua wachezaji wakiwa na koleo mkononi kabla ya kuwajua uwanjani. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, ikachukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kwetu Tanzania kuna Mbeya City, klabu ya halmashauri ya jiji. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, huku mashabiki wake wakiifuata mikoani kwa mabasi. Ilikuwa timu ya mji, siyo ya kabila wala ya mtaa. Mwaka 2023 ikashuka daraja. Ushindi unaleta umati haraka, na kipigo kinauondoa haraka vilevile kama hakuna kingine kinachowashika watu hapo.

Na jamani, acheni kuwazomea watumishi wa kuhamia eti kwa sababu ni mashabiki wa Simba au Yanga. Nchi nzima ni Simba au Yanga, wachezaji wenu wakiwemo. Mtu anaweza kuwa na timu yake ya moyoni Dar es Salaam na timu ya mji anaoishi. Ukimlazimisha achague, utashindwa wewe.

La mwisho ni kamati. Tazama majina ya kamati yako ya utendaji: wote wanaume, wote wa mtaa mmoja? Basi hata mikeka na vyoo nilivyovitaja havitapita kwenye bajeti. Mwanamke akiingia, mpeni kazi yenye ufunguo au daftari: mweka hazina msaidizi, msimamizi wa milango. Cheo cha "mhamasishaji" ni namna ya kumwambia akae nje. Kama katiba yenu inataja idadi ya wajumbe, mabadiliko yapite mkutano mkuu na yafikishwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, la sivyo atakuja mtu mwenye kinyongo kuwapinga kwa hoja hiyohiyo.

Baada ya mechi sita rudini kwenye ile kauntabuku. Kama safu ya wanawake imetoka 30 kwenda 45, endeleeni hivyohivyo, msiongeze kitu kipya. Kama imeruka hadi 80 mechi ya pili kisha ikarudi 30, kuna kitu waliona siku ile. Tafuteni watatu waliokuja mara moja tu, mwende nyumbani kwao mchana, mwulize kilichowakera. Aende mwanamke kuuliza, na asiende na jezi.