Kwa mnaoripoti kazini kitengo cha afya ya akili wilayani

Wadogo zangu, nimeyaona tena wiki iliyopita. Kijana katoka chuo, kishikwambi mkononi, anamsomea mama PHQ-9, dodoso la sonona la maswali tisa, chini ya mwembe: je, umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe? Mama mkwe kakaa mkeka huohuo, anachambua mchele na masikio yote yako kwetu. Mama wa watu akajibu "hapana" kuanzia swali la kwanza hadi la tisa, kijana akajaza sifuri zake na kushukuru Mungu kwamba kijiji hakina sonona. Kila ajira mpya lazima nigombe kwa jambo hilihili, na sauti yangu imechoka. Safari hii naandika.

1. Anzeni na kifafa. Najua hamkusomea shahada ili mgawe fenobabitoni, lakini foleni ya kliniki yetu kwenye zahanati zote ni kifafa kwanza. Mtoto aliyekuwa anaangukia motoni akikaa miezi bila kuanguka, kijiji kitakuamini, na hapo ndipo watakuonyesha yule mgonjwa wa akili waliyemficha chumba cha uani. Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall hakuanza na semina ya unyanyapaa, alianza na kliniki ya kifafa, na watu walitembea milima kumfuata.

2. Benchi. Kila mmoja wenu anakuja na andiko la "tuweke mabibi kwenye benchi wawasikilize wenye sonona, kama Zimbabwe". Sawa. Friendship Bench ya Dk. Dixon Chibanda ilianza Harare mwaka 2006, na utafiti wao wa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14, huku waliopata huduma ya kawaida wakiwa karibu 50. Lakini someni hadi mwisho! Wale mabibi walifunzwa, wana dodoso, wanasimamiwa, na wana pa kumpeleka aliyezidiwa. Kazi yao ni sonona na wasiwasi. Mwaka jana mtu kanipelekea kwa bibi mmoja kijana anayesikia sauti, mwenye panga. Bibi alimkaribisha chai, Mungu ambariki.

3. Bebeni Artane, dawa ya kulegeza misuli inayokakamazwa na sindano ya haloperidoli. Hapa nitakawia kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mpya, nimetoka mafunzo ya mhGAP, mpango wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, kichwa kimejaa. Tukampata kijana kafungwa kamba ya katani kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Nikamdunga haloperidoli, ya kumtuliza aliyechanganyikiwa, akatulia, nikawaambia ndugu wamfungue, wakamfungua. Watu wakanipigia makofi. Nikapanda pikipiki na kuondoka bila kumwambia mtu yeyote kitakachoweza kutokea, na sanduku langu halikuwa na Artane wala promethazini ya kushika nafasi yake, kwa sababu siku ile nilizitoa ili zipatikane nafasi za fulana za kampeni.

Usiku shingo ya kijana ikapinda mpaka sikio likagusa bega. Macho yamegeukia juu, ulimi nje, mate yanatiririka, na akili yake timamu anajiona anavyopinda. Vijana wa kiume ndio hasa wanaopatwa na hili, darasani niliandika kwa wino mwekundu. Mama yake akasema neno ambalo kijiji kililirudia msimu mzima wa mahindi: "Nimewapa mgonjwa, wamenirudishia aliyepandisha." Wakambeba mpaka kilingeni.

Aliyetuokoa ni mganga wa jadi. Alimtazama tu, akasema hii si yangu, ni ya sindano, akamtuma mwanawe zahanati alfajiri. Shingo kama hizo alishaziona kwa watu waliorudi kutoka kulazwa mjini. Promethazini ikaingia, haikupita nusu saa kijana akanyooka na kuomba maji. Lakini kamba ilirudi nguzoni, na siku ya kliniki yetu pale hakuja mgonjwa, tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji tukitazamana. Yule mganga bado ananiletea wagonjwa, na bado ananitania kuhusu fulana.

4. Ya haraka haraka. Maombi ya Bohari ya Dawa yaandikeni wenyewe, msimwachie mfamasia. Mtendaji apate taarifa kabla ya pikipiki kuonekana. Kujaribu kujiua bado ni kosa kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo familia zitakwambia "alikosea akanywa dawa ya kuulia wadudu". Wewe tibu, usiwe polisi. Dodoso, faragha, nimeshasema.

5. Mbali na MTUHA, vitabu vya taarifa za afya vya serikali, muwe na daftari lenu: jina, dawa, siku ya kurudi, namba ya ndugu mwenye simu na ya jirani ambaye simu yake huwa ina chaji. Asiyetokea siku yake mpigieni jioni ileile, msingoje mwisho wa mwezi. Vocha ni ya mfukoni mwako, fungu halipo, na msije ofisini kuniuliza.