Uliza Ujibiwe: Kontena tupu zinakwama wapi kati ya lori na treni?

SWALI: Habari za kazi wakuu. Nasimamia yadi ambapo malori yanaleta kontena tupu zipakiwe kwenye treni zirudi bandarini. Siku ya treni foleni inatoka mpaka nje ya geti, madereva wananuna, af cha ajabu treni inaondoka ina nafasi wazi wakati yadini kontena tupu zimejaa tele. Bosi anataka kununua mashine nyingine ya kunyanyulia, mi naona shida sio mashine ila nashindwa kumwelewesha. Mnasemaje?

JIBU: Uko sahihi ndugu yetu, na hapo kwenye treni kuondoka na nafasi wazi ndo penye jibu lenyewe. Kontena tupu ya futi 20 ina tani 2 na kidogo, ya futi 40 haifiki hata tani 4, kwa hiyo treni ya tupu haiishiwi nguvu, inaishiwa urefu. Sasa chukulia mabehewa yenu ni ya futi 60, behewa moja linabeba za futi 20 tatu, au ya 40 moja na ya 20 moja. Malori yakiwaletea za 40 peke yake, kila behewa linabaki na pengo la futi 20 na hakuna mashine ya kuliziba hilo, hata mkinunua tano. Kinachotakiwa ni orodha ya mabehewa iwafikie mapema, ndo mpange malori yapi yaje na nini na saa ngapi.

Cha pili, mwambie bosi mhesabu kontena moja inanyanyuliwa mara ngapi tangu ifike getini. Inatakiwa mara moja tu, kutoka kwenye lori moja kwa moja mpaka kwenye behewa, na kama treni bado haijaingia basi mara mbili, kushusha na kupakia. Nyingi zinanyanyuliwa zaidi ya hapo kwa sababu inayotakiwa iko chini kabisa, na kama rundo lina tano inabidi zitolewe nne kwanza, mafuta yanaungua, kontena zinagongwa, na lori lililoko getini linasubiri mashine imalize kuhamisha vitu ambavyo havipandi treni leo. Hapa ndo watu wengi wanapoteza raha ya kontena tupu, maana yenye mzigo lazima uitafute hiyo hiyo kwa namba yake, lakini tupu, ya kampuni ile ile ya meli, saizi ile ile, aina ile ile, iliyo nzima, yoyote inafaa. Kwa hiyo muombeni wakala wa meli awape oda ya idadi na aina badala ya orodha ya namba, halafu rundikeni kwa mwenye mali, saizi na aina, mnachukua ya juu mnaondoka. Mbovu na chafu zichujwe getini, zikae pembeni, zisichanganywe kabisa na nzima.

Mashine pia ina lake, hatukatai. Kama richi staka, ile mashine ya mkono mrefu ya kunyanyulia kontena zenye mzigo, kubwa ya tani 45, inashinda inabeba kontena za tani 4, hapo mnaunguza mafuta bure. Mashine nyepesi ya kontena tupu inashika kwa ubavuni, inapanga juu sana na ni ya haraka, ila haifikii reli ya pili, kwa hiyo treni ya tupu ipewe reli iliyo karibu na rundo. Na lori likishusha tupu lisirudi kavu, kama kuna mzigo umeshuka na treni liondoke nao safari hiyo hiyo.

SWALI: Mi dereva. Kwa nini nirudishe tupu yadini halafu kesho nimpelekee mteja mwingine kontena kama hiyo hiyo? Si niunganishe tu, niitoe kwa wa kwanza niipeleke moja kwa moja kwa wa pili?

JIBU: Inawezekana na ingependeza ifanyike zaidi, safari mbili za bure zinakufa. Ila usiunganishe kimya kimya. Kampuni ya meli lazima iruhusu kwa maandishi, maana siku za bure, zile anazokaa na kontena bila kulipia, za mteja wa kwanza zinatakiwa zisimame na za wa pili zianze, la sivyo mmoja wao atalipia siku ambazo hakuwa nayo. Na ikaguliwe pale pale, picha zipigwe, ndani na nje.

SWALI: Kontena tupu ni nyepesi, kuna haja gani ya kuifunga kufuli zote za kona?

JIBU: Tena hiyo nyepesi ndo ya kuogopa. Ya futi 40 ile ya kimo kirefu ina ubavu wa karibu mita za mraba 35, upepo ukiusukuma ukuta wote huo kwenye kitu kisichofika tani 4, inaondoka kwenye behewa. Funga zote, na milango ifungwe kabisa. Wakati wa kushusha ni kinyume chake, dereva afungue zote nne, maana ikisahaulika hata moja mashine inanyanyua kontena pamoja na trela. Mwenye mashine anyanyue kidogo tu, asimame, aangalie kona zote nne zimeachia, ndo aendelee.