Barua kwa mwanangu: kuhusu wifi yako kuolewa

Ujiji, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeiitikia, marahaba mama. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni, wateja wanasubiri mawese, nikaukatisha njiani. Uliposikika unalia nikaona jambo hili si la kujibiwa kwa simu huku napima mafuta. Ndiyo sababu ya kimya changu. Kijana wa jirani ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu.

Umeniuliza: "Mama, ulikubalije wifi aolewe, tena atoke humo humo nyumbani kwetu? Ina maana kaka ameshasahaulika?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonichoma. Kaka yako sijamsahau hata siku moja. Miaka mitatu sasa tangu ile ajali ya barabara ya Kasulu, na mpaka leo nikisonga ugali wa muhogo mkono unapima unga wa kumtosha na yeye. Unabaki, asubuhi nawapa kuku. Lori likipunguza mwendo pale kwenye kona ya msikiti nanyanyua kichwa. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa namsomea Yasini. Mtoto niliyemzaa, nikamlea mpaka akaota ndevu, akawa ananiletea sukari na sabuni bila kuombwa, nimsahau kwa lipi?

Sasa hili la wifi yako. Wewe baada ya maziko ulikaa siku tano ukarudi Dar es Salaam, kazi haikukuruhusu, na sikukulaumu wala sikulaumu leo. Lakini yaliyofuata hukuyaona, na mimi sikukusimulia. Hapo kosa ni langu.

Unajua kaka yako hakuwa mtu wa daftari. Hesabu zake zote aliziandika ukutani mle stoo, kwa ile kalamu nene ya mafundi seremala: kushoto anaowadai, kulia wanaomdai. Aliyelipa alipigiwa mstari. Usiku wa saba wa msiba, wageni wamepungua, nikaona mwanga stoo. Nikadhani mwizi. Nikamkuta wifi yako amepiga magoti juu ya gunia, tochi ya simu ameing'ata kwa meno, ananakili ule ukuta kwenye daftari la shule. Jina, idadi ya madumu, bei. Pale palipofifia analamba kidole, anafuta vumbi taratibu, asije akafuta na wino. Nikamwambia, mwanangu kalale, haya yana siku yake. Akatoa simu mdomoni akasema, "Mama, sitaki alale na deni."

Deni kubwa lilikuwa la mzee mmoja wa Simbo, madumu 12 ya mawese ya lita 20, aliyochukua kaka yako kwa mkopo. Ni hayo hayo yaliyomwagika barabarani siku ile. Mzee wa watu hakudai. Alikuja kuhani, akakaa, akaondoka bila kulitaja. Lakini deni la marehemu linalipwa kabla ya mali kugawanywa, na mkononi hatukuwa na kitu. Wifi yako alikuwa na cherehani yake, aliyoinunua kwa pesa zake kabla hata hajaolewa. Sheria haimlazimu mke kulipa deni la mume kwa mali yake mwenyewe. Aliiuza. Yeye yuko ndani ya eda, hatoki, mimi ndiye niliyekuwa miguu yake: niliipakia kwenye bajaji mpaka Mwanga, nikaiuza, pesa nikazipeleka Simbo. Mzee alizipokea akalia mbele yangu.

Madeni yalipokwisha, ukoo ukakaa, baba yenu mdogo akachaguliwa msimamizi, Mahakama ya Mwanzo ikampa barua. Mirathi ikapigwa kwa Kiislamu, mafungu 24: mke 3, mimi mama yake 4, yaliyobaki 17 ya watoto wake wawili, wa kiume mara mbili ya wa kike. Wewe dada yake hukupata kwa kuwa kaka yako ameacha mtoto wa kiume, na hivyo ndivyo hukumu ilivyo. Nalisema wazi kwa sababu najua wapo waliokupigia simu kukutia maneno kuhusu shamba la michikichi. Shamba lipo. Ile miche ya michikichi ya kisasa, Tenera, aliyoichukua kituo cha utafiti cha Kihinga mwaka 2019, akaambiwa na wenziwe anapoteza pesa wakati Dura ya kienyeji inajiotea yenyewe, imezaa. Mkungu wa kwanza tuliukata miezi mitano baada ya kumzika. Chikichi nene nyama, kokwa ganda jembamba, ukiiminya kwa kidole gumba mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiganja. Nilikaa chini pale pale shambani nikashindwa kuinuka. Wifi yako ndiye aliyeubeba ule mkungu kichwani hadi nyumbani.

Eda yake ilikwisha, miezi minne na siku kumi. Hakuondoka. Alikaa na mimi miaka miwili na zaidi. Nilipougua presha ndiye aliyekuwa analala chini, ubavuni mwa kitanda changu.

Katika muda huo, baadhi ya watu wa ukoo walikuja na neno lao. Kwamba binamu yako mmoja, ambaye ana wake wawili tayari, amrithi mjane, ili watoto na shamba visitoke nje. Walisema ndiyo mila. Nikawauliza, mila ipi inayopita Suratun Nisaa, inayokataza wanawake kurithiwa kwa nguvu? Na hata serikali haikubali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anapotaka, kutoolewa, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe, mradi kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu eda iishe kwanza. Wakaondoka wamenuna. Mmoja mpaka leo tukikutana gengeni anaangalia upande wa ziwa.

Basi mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya Isha, tumekaa ukumbini tunachambua mchele. Nikaona mwenzangu anachambua mchele ule ule mara ya pili. Nikamwambia, sema. Akasema, "Mama, kuna mtu amekwenda kwa baba Uvinza. Baba amesema hawezi kujibu mpaka wewe ujue." Halafu akajifunika ushungi usoni, akawa anatetemeka kama mtoto aliyevunja chungu.

Mwanangu, nakueleza kweli ya Mungu, moyo wangu wa kwanza ulisema hapana. Ulisema maneno yale yale unayoyasema wewe. Nilitaka kumuuliza, mwanangu ana kosa gani? Nikanyamaza nikaendelea na mchele, na katika kule kunyamaza nikamkumbuka bibi yako mzaa baba.

Hili sijapata kukwambia. Baba yenu alipofariki mwaka 1999, kaka yako ana miaka saba na wewe mitano, mlikua mkisikia mama yenu hakuolewa tena kwa ajili ya mapenzi ya baba yenu na ya kwenu. Watu walinisifu, na nyie mkanisifu. Baba yenu nilimpenda, hilo lisikutie shaka. Lakini aliwahi kuja mtu. Alikuwa mtu wa kazi katika reli, mpole, anamcha Mungu. Nilimtaka. Nilikuwa na miaka 29. Bibi yako alisema, "Ukitoka katika nyumba hii umemzika mwanangu wewe." Nikamtii. Yule mtu akahamishiwa Tabora na habari yake ikaishia hapo.

Na sasa sikiliza ninachotaka ukijue. Kukaa kwangu hakukumpunguzia bibi yako hata chembe ya uchungu wake. Nililala naye nyumba moja miaka kumi na minne. Alimlilia mwanawe usiku ule ule na kwa sauti ile ile, na akiniona nimekaa kibarazani alikuwa akiniangalia kwa hasira, kana kwamba hata nikikaa vipi haitoshi. Alitaka mwanawe, na mimi sikuwa mwanawe. Mimi nami nilimhudumia kwa heshima, lakini moyoni nilimwekea kinyongo nilichokuja kukitoa siku namwosha maiti.

Nikamtazama wifi yako na ule mchele. Nikahesabu miaka yake, 28. Nikasema, mwambie baba yako mimi nimeridhia.

Alipokwenda kulala nililia mpaka alfajiri. Ustadhati wetu wa darsa aliwahi kutukumbusha kwamba Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, alifiwa na mabinti zake watatu wakiwa watu wazima wenye waume zao, Ruqayya, Zainab na Ummu Kulthum. Na mwanawe Ibrahim, aliyekuwa bado mchanga, alipokuwa anakata roho alitokwa na machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika. Nililishika hilo usiku ule. Kulia si kukufuru, na kuridhia hakuzuii kulia.

Kuhusu kutoka humu nyumbani: alikuwa anaishi humu, sasa atokee wapi? Baba yake alikuja kuozesha, nikapika mimi. Nilimfunga khanga mpya kwa mkono wangu. Sikucheza, sikupiga kigelegele, na hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Mume wake mpya simjui sana. Ananisalimia vizuri, ananiita mama, na mimi namheshimu. Kumpenda bado, sitakudanganya.

Watoto wanakaa naye huko Gungu. Wa kike bado mdogo mno kutengwa na mama yake, na wa kiume hakutaka kuachana na dadake. Alhamisi jioni wanaletwa, Jumapili wanarudi. Leo wameondoka jua likizama, na nyumba imepwaya kweli. Kijana ameanza kuandika. Amenyoosha ile mistari ya babake ukutani iliyofifia, kwa penseli, ametoa ulimi nje kama alivyokuwa akifanya babake. Nyumba yote nimepaka chokaa kwa ajili ya Idi. Ule ukuta mmoja sikuugusa.

Na kuna mstari mmoja pale upande wa kushoto, chini kabisa, bila mstari wa kufuta. Umeandikwa "Mdogo wangu, chumba Mbagala, 400,000." Unaujua. Usiku ule nilipopitia daftari la wifi yako sikuuona. Nikamuuliza kama ameuruka kwa bahati mbaya. Akasema, "Hapana mama, ule si deni." Mimi niliulipa kutoka katika fungu langu, kwa sababu mali ya yatima hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kuisamehe. Sikuwa na nia ya kukwambia. Nimekwambia kwa kuwa katika ujumbe wako umemwita wifi yako mtu asiye na shukrani.

Hitima ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala. Wifi yako ameshasema pilau atapika yeye, hataki mtu aguse sufuria. Mpigie kabla hujaja, usingoje mkutane jikoni mbele za watu. Ukipata tiketi ya treni niambie, baba yako mdogo akupokee stesheni. Na yule mdogo mletee viatu, namba 27. Vile ulivyomletea mara ya mwisho vimembana, ila anakataa kuvivua.

Mama yako