Wakili wa benki ananipigia simu, niende?

SWALI: Shikamoo Wakili. Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nilikopa benki, nikaweka rehani nyumba yetu ya Tandika. Marejesho yamenishinda mwezi wa tano sasa. Nimeletewa notisi ya siku 60 nilipe, la sivyo nyumba iuzwe, na wakili wa benki ananipigia simu niende tuongee. Shemeji ananikataza, ananiambia niende mahakamani nitangazwe mufilisi, nyumba itapona. Nifanyeje?
Muuza vitenge, Kariakoo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukiri: kazi yangu ya kila siku hapa Posta ndiyo hiyo, kuwapigia simu wadaiwa wa benki. Nisome ukijua nimekaa upande gani wa meza.

Nenda, tena wiki hii. Benki haiitaki nyumba ya Tandika, inataka pesa yake. Nyumba ina dalali wa kulipwa, mthamini wa kulipwa, mpangaji asiyetoka na kesi ya kuzuia mnada isiyoisha.

Kuna mzee aliniletea notisi yake kwenye bahasha ya kaki, haijafunguliwa. Alikuwa ameilaza chini ya godoro. Zilibaki siku nne. Ningemwombea nini? Mama ntilie mmoja, yeye alikuja mapema na daftari lake la mauzo, kurasa zina madoa ya mafuta ya maandazi, lakini kila siku imeandikwa. Lile daftari nililipeleka benki kama lilivyo. Wakamwongezea muda, marejesho yakapungua, na riba ya adhabu wakaifuta. Na wewe beba la kwako.

Ila usisaini kitu siku hiyo. Hati za makubaliano naziandika mimi, na karibu kila mara kifungu cha kwanza ni “mdaiwa anakiri deni lote”. Ukishasaini, kubishia hesabu inakuwa shughuli. Ndiyo maana naanza nacho! Omba taarifa kamili ya mkopo, uipitie riba mstari kwa mstari na mtu anayejua hesabu, kisha hati aisome wakili wako.

Shemeji amekupotosha. Ufilisi unawapanga foleni wanaokudai bila dhamana; benki yenye rehani haipangi foleni, inaishika nyumba pembeni. Na ikifika mnadani, Sheria ya Ardhi inamtaka muuzaji, yaani benki, atafute bei nzuri. Ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, yeye ndiye wa kujieleza. Kwa hiyo jua mapema nyumba za mtaani kwenu zinauzwaje.

Halafu umeandika “nyumba yetu”. Kama mnaishi humo na mumeo, je, aliridhia rehani kwa maandishi? Kama hakuridhia, rehani yenyewe ina walakini, na hilo wakili wa benki hatakuuliza. Pitieni wote wawili kwa wakili wenu kwanza, ndipo uende kwa mwenzangu.