Kabla ya kumlipa wakili, jua kazi zake za kila siku ni zipi

Panda ngazi za jengo lolote la ofisi katikati ya Kisumu au kando ya Kenyatta Avenue pale Nakuru, na vibao vya mawakili vitakusalimu kila orofa. Karibu vyote vina maneno yale yale: wakili, kamishna wa viapo (anayeapisha watu kwenye hati), na vingine vimeongeza notari, anayethibitisha hasa hati za kwenda ng'ambo. Kibao hakikuambii kama aliye ndani hushinda mchana kutwa akiandika agrimenti za mashamba au akitetea washukiwa wa wizi wa mabavu. Watu wengi hulipa kwanza, kisha wanagundua baadaye.

Kenya haina ule mgawanyo wa Uingereza wa wakili wa kuandaa faili na mwingine wa kusimama mbele ya jaji. Hapa njia ni moja: digrii ya sheria, masomo ya Kenya School of Law, uanagenzi wa miezi sita ofisini, mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina kuingizwa kwenye orodha ya mawakili. Akishafika hapo, sheria inamruhusu kushika kesi yoyote, ya talaka au ya kodi. Kwa hiyo “wakili wa ardhi” si cheo, ni mazoea ya kazi. Ndiyo sababu swali la kwanza ofisini liwe: kesi kama yangu umeshika ngapi, katika mahakama ipi, na ziliishaje? Anayeijua kazi hujibu kwa kutaja hatua na hati. Anayekujibu “hiyo ni kesi ndogo, usijali” hajajibu.

Kuna herufi mbili ambazo kweli ni cheo: SC baada ya jina, yaani Wakili Mwandamizi. Hutolewa na Rais kwa wenye uzoefu wa miaka 15 au zaidi. Kwa mzozo wa mpaka wa shamba kule Vihiga humhitaji.

Leseni ndiyo ya kuangaliwa bila aibu. Kila wakili huchukua leseni mpya kila mwaka, nayo huisha tarehe 31 Desemba. Tovuti ya Chama cha Wanasheria wa Kenya, LSK, ina sehemu ya kutafuta jina: itakuonyesha kama yuko hai kikazi, amesimamishwa au amefutwa. Lakini usiishie kwenye jina. Oktoba 2023 LSK ilitangaza kwamba kuna mtu aliyeingia kwenye akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake, akabadilisha picha, na akawa anajiita wakili. Basi muulize namba yake ya kuapishwa, ile inayoanza na P.105, ulinganishe na jina la kampuni na anwani, kisha upigie ofisi simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyokupa. Aliyemaliza digrii na hajaapishwa bado si wakili. Hana ruhusa ya kukusimamia kortini wala ya kukutoza pesa kwa kuandika agrimenti ya shamba.

Sasa tuingie kwenye ardhi, maana huku kwetu nusu ya ugomvi huanzia hapo.

Wakili wa ardhi mzuri huonekana mahakamani kwa nadra. Kazi yake ni kuzuia kesi. Anafanya sachi, yaani kukagua rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kabla hujatoa hata shilingi, anaandika agrimenti ambayo kila upande umetia saini mbele ya shahidi, anahakikisha mume au mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, na anashikilia malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10. Kama ni shamba la kilimo, tuseme Njoro, Molo au Lugari, ombi la kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu agrimenti. Hapa ndipo wengi huanguka: wanalipa, wanahamia, wanapanda mahindi, na bodi inasahaulika. Bila kibali, sheria inahesabu mauzo kuwa batili. Unabaki unadai pesa zako, si shamba. Kisha kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Akikupa bei ya kazi yake, muulize kama ushuru huo umo ndani au uko kando.

Usikubali wakili mmoja awe wa muuzaji na wa mnunuzi kwa sababu “itapunguza gharama”. Mambo yakienda mrama hawezi kumshtaki mteja wake kwa niaba ya mteja wake mwingine. Huenda akajitoa kabisa, na utaanza upya na mgeni asiyejua faili.

Shida nyingine ni hatimiliki iliyo bado kwa jina la babu aliyefariki zamani. Mtoto au mjukuu anakuja na nakala, anataka kukuuzia robo ekari. Hata kama nyumba yake iko juu ya hiyo ardhi, hana cha kuuza hadi mirathi ikamilike na hati ya usimamizi, inayompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu, ithibitishwe na mahakama. Hiyo ni kazi ya wakili wa mirathi, na mara nyingi si yule wa mauzo. Anaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, anapeleka ombi mahakamani (hakimu mkuu anaweza kushika mali ya hadi shilingi milioni 20), tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali na kukaa siku 30 kusubiri pingamizi, hati inatolewa, na kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi 6. Kinachovunja kazi hii ni ile barua ya chifu. Familia inawaruka mabinti walioolewa, au nyumba ya pili, ikidhani mambo yataenda haraka. Binti akijitokeza hata miaka kadhaa baadaye, anaweza kuomba hati ifutwe, na aliyenunua anaburutwa humo humo. Wakili anayeandika majina uliyompa bila kuuliza “mzee alikuwa na wake wangapi?” anakuandalia kesi nyingine. Kwa familia za Kiislamu, mirathi na talaka zinaweza kwenda kwa Kadhi. Kisumu na Nakuru kuna mahakama hiyo. Ila wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda huko.

Ajali za barabarani zina mawakili wao, na zina madalali wao pia. Majeruhi wa bodaboda hajatolewa bandeji, na tayari kuna kijana kando ya kitanda na fomu ya kutia saini. Kijana huyo si wakili, na wakili anayemtuma anavunja sheria. Weka saini baada ya kutoka hospitalini na kukutana na wakili mwenyewe. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi, kwa hiyo hakuna haraka ya siku hiyo. Kama gari ni la serikali, muda ni miezi 12 tu. Hapo ndipo pa kukimbia.

Atakachohitaji wakili ni abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), fomu ya P3 (ya kurekodi majeraha), karatasi za matibabu tangu siku ya kwanza, risiti zote, ripoti ya daktari, na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inayoonyesha mwenye gari tarehe ile ya ajali. Hiyo ya mwisho huonekana ndogo. Kesi nzuri hufa kwa sababu aliyeshtakiwa aliuza gari mwezi mmoja kabla, na hakuna aliyeangalia.

Halafu yale maneno “usinilipe kitu, tukishinda nachukua thuluthi”. Sheria ya Mawakili inabatilisha mkataba wa kulipwa pale tu kesi ikishinda, na pia haimruhusu wakili kujinunulia sehemu ya fidia yako. Ada ina viwango vyake rasmi, na makubaliano nje ya viwango yaandikwe na uyatie saini. Hundi ya bima huingia kwenye akaunti ya wateja, ambayo kisheria ni tofauti na pesa za ofisi. Una haki ya kuonyeshwa kwa maandishi: kiasi kilichoingia, ada, gharama za daktari na mahakama, na salio lako. Soma vizuri hati ya kumaliza madai kabla ya kuweka saini. Ukishaitia, hata mguu ukianza kuuma upya mwaka ujao, kesi imekwisha.

Kwa madai madogo huenda usihitaji wakili kabisa, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyolijua hili. Mahakama ya Madai Madogo, inayohudumu Kisumu na Nakuru pia, hushika madai yasiyozidi shilingi milioni 1: pesa ulizokopesha, bidhaa ambazo hazijalipwa, miwa uliyopeleka na malipo hayaonekani, mali iliyoharibiwa, hata majeraha. Hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia. Haishiki ugomvi wa hatimiliki, kesi za kuchafuliwa jina wala za kazi. Na rufaa yake ni kwa hoja ya kisheria tu, kwa hiyo ushahidi wako wote, ujumbe wa M-Pesa na madaftari, uuweke mezani mara ya kwanza.

Aliyefutwa kazi kwenye shamba la maua Naivasha au kwenye duka la jumla Kisumu anahitaji wakili anayezijua taratibu za Mahakama ya Ajira. Kama mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, karibu na nyumbani. Muda ni miaka 3. Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, hivyo anayekuahidi mamilioni kwa mshahara wa elfu kumi na tano, hesabu mwenyewe.

Kwenye jinai, wakili ana thamani kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza, kabla hujafikishwa kortini. Una haki ya kunyamaza na ya kuzungumza naye kabla ya kuandika taarifa. Jamaa zako nao washughulikie dhamana: kama ni pesa taslimu, risiti hutoka kwa jina la aliyelipa, na yeye ndiye atakayerudishiwa kesi ikiisha. Risiti hiyo ikipotea, kuzipata pesa ni safari ndefu. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji na hana uwezo hupewa wakili na serikali. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na kwa wanawake wenye kesi za familia kuna ofisi ya FIDA, shirika la mawakili wanawake, pale Kisumu.

Mlalamishi naye huchanganyikiwa upande wa pili. Kiongozi wa mashtaka si wakili wako. Anafanya kazi chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa niaba ya Jamhuri, na anaweza kuchukua msimamo usioupenda. Ukitaka mtu wa kutazama maslahi yako kama mwathiriwa, mwajiri wakili afuatilie kesi hiyo. Msuluhishi aliyeteuliwa na mahakama vilevile si wa mtu yeyote kati yenu. Na yule karani mchangamfu anayejua korido zote? Anaweza kukuonyesha dawati. Akianza kukushauri ukiri kosa, muage.

Kamishna wa viapo anastahili neno lake kwa sababu muhuri wake umeangusha kesi nyingi. Wakili wako akikuandikia hati ya kiapo, kisha akuambie “vuka barabara uapishwe ofisi ile”, hakutumi ovyo: sheria inamkataza kukuapisha kwenye shauri analolishika mwenyewe. Ukifika huko, weka saini mbele ya kamishna, si nyumbani. Hakikisha mahali na tarehe vimeandikwa, na kila kiambatisho kimepigwa muhuri na kupewa alama. Ukipigiwa muhuri na katibu huku kamishna hayupo, upande wa pili ukijua utaomba kiapo kiondolewe. Notari ni ngazi nyingine: anahitajika hasa kwa hati zinazokwenda ng'ambo. Mwenye ploti aliye Marekani na anataka ndugu yake amuuzie hapa atahitaji hati ya uwakilishi iliyothibitishwa huko aliko, kisha isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi hapa. Bila usajili huo, ndugu hana mamlaka ya kuuza.

Ukitaka kumwacha wakili, fanya mapema. Kabla ya hukumu, ilani ya kubadilisha wakili inatosha. Baada ya hukumu, wakili mpya anahitaji ruhusa ya mahakama au ridhaa ya yule wa kwanza, na wakati huo siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu zinayeyuka (za jinai ni 14). Wa zamani anaweza kushikilia faili hadi alipwe anachodai. Ukiona bili imezidi, usigombane naye mlangoni. Omba ipelekwe kwa naibu msajili aikague kipengele kwa kipengele. Na kama amekalia pesa zako au hajibu simu miezi nenda miezi rudi, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu hupokea malalamiko. Andika tarehe, kiasi, namba ya kesi, na uambatishe nakala za risiti na barua zote. Ulichomwambia kwa mdomo tu, bila karatasi, kitakuwa kigumu kuthibitisha, kwa hiyo kila mkikutana mtumie ujumbe mfupi siku hiyo hiyo ukirudia mlichokubaliana.