Maswali ya Nyumbani: Mkeka Ulioota Ukungu, Leso za Marehemu na Risiti Zinazofifia

Shikamoo mama. Nilipoolewa, mama mkwe alinipa mkeka wa ukindu uliosukwa Pemba, wenye rangi nyekundu, kijani na zambarau. Tangu kabla ya masika niliuviringisha nikauegemeza nyuma ya mlango wa chumbani, na juzi nilipoufungua nikaukuta una madoa meusi na harufu ya uvundo, na upande mmoja safu mbili za ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, zimeachana. Mama mkwe anakuja mwezi ujao. Nifanyeje? Na je, nikitaka kujifunza kusuka mwenyewe, nianzie wapi? — Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Ukindu ni jani, na jani hata likikauka namna gani halikomi kunywa unyevu wa hewa. Tangu Machi hadi Mei pwani yetu huwa na hewa nzito ya mvua, na mkeka ulioviringishwa ukakazwa haupitishi hewa katikati, huku ukuta wa nyuma ya mlango, ambao haupigwi na jua wala upepo, ukiendelea kutoa jasho. Kwa hiyo hata ukiusafisha vizuri kiasi gani, ukiurudisha pale pale utaota ukungu tena kabla vuli haijaisha.

Utoe nje asubuhi siku isiyo na mvua, uutandaze juu ya kamba au ukuta mfupi, kisha usimame upande upepo unakotoka na kuusugua kwa brashi kavu, ukifuata mwelekeo wa msuko. Ziba pua na mdomo kwa kitambaa, na usiifanye kazi hiyo ndani ya chumba, kwa sababu vumbi la ukungu likishatawanyika hutua kwenye godoro na mapazia. Baada ya hapo changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, chovya kitambaa cheupe, ukikamue mpaka kisidondoke, halafu ujaribu kwanza pembeni mwa mkeka, hasa penye zambarau na nyekundu. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, acha maji kabisa na utosheke na brashi na jua. Kisipotoka na rangi, pangusa mkeka wote pande mbili, uuache kwenye jua la asubuhi mpaka ukauke, kisha uuhamishie kivulini penye upepo. Jua la mchana usiliamini sana: linaua ukungu, ni kweli, lakini linapausha rangi na kuukausha ukindu hadi unakatika ukikunjwa.

Wapo watakaokushauri utie dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Usiitie. Itakula rangi kabla ya kula madoa na itaulegeza ukindu wenyewe. Na ikikutana na siki hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, kwa hiyo vitu hivyo viwili visichanganywe kamwe, iwe kwenye mkeka au chooni. Ukungu ukishaondoka, huenda madoa mengine meusi yakabaki kama kivuli. Yavumilie, na mama mkwe akifika mwambie mwenyewe kabla hajaona. Mtu anayeujua mkeka anazijua na masika.

Safu zilizoachana ni jambo dogo. Tafuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia na mikeka, na miyaa michache, yaani majani ya kusukia, isiyotiwa rangi. Sokoni huuzwa kwa kicha. Chana mwaa mmoja uwe mwembamba, uroweke mpaka ulainike, kisha uupitishe kwenye kingo za safu zote mbili ukifuata matundu ya zamani, bila kutoboa mapya. Mwaa mkavu utakukatikia mkononi, na uzi wa nailoni, ambao wengi huukimbilia kwa sababu ni imara, ni mgumu kuliko ukindu wenyewe, hivyo kila mtu akikalia mkeka uzi unasaga kingo na baada ya muda unapata mpasuko mrefu kuliko ule ulioushona. Ukifika mwisho, rudi nyuma mishono michache badala ya kufunga fundo.

Kuhusu kujifunza, umri si kizuizi. Ila wengi hukata tamaa kwa sababu wanaanza na mkeka, kazi ambayo hata msusi mzoefu huigawanya kwa majuma mengi kati ya shughuli nyingine za nyumbani. Piga hesabu uone. Tuseme ukili wako una upana wa sentimita 7, yaani kama vidole vinne, na unataka mkeka wa mita 2 kwa mita 1: utahitaji ukili wa karibu mita 29, ambao kwa kipimo cha wazee, pima moja ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ni kama pima 16, na kwa kuwa kingo huliwa kidogo na mshono ni afadhali uwe na pima 18 kabla hujashika shazia. Kwa mtu asiyejua bado kuzuia upana usibadilike, huko ni mbali mno.

Anza na miyaa isiyotiwa rangi na usuke pima moja tu. Itie unyevu kidogo kwa kitambaa kibichi, usiiloweshe chepechepe, maana miyaa iliyovimba kwa maji ikikauka husinyaa na kuacha nafasi katikati ya msuko. Makosa ya mwanafunzi huonekana pale mwaa unapokaribia kwisha na mwingine unapounganishwa. Mwaa mpya huingizwa chini ya ule wa zamani wakati wa zamani ungali na urefu wa kutosha, ili viwili visukwe pamoja hatua kadhaa, na mkia unaobaki huachwa upande wa nyuma ukakatwe baadaye. Ukisubiri mpaka mwaa uishe ndipo uunganishe, mahali hapo patafumuka, na katika ukili sehemu moja ikifumuka huvuta nyingine. Ukiona pima yako ina upana ule ule mwanzo hadi mwisho, suka nyingine za kutosha kapu dogo la kuwekea vitunguu. Kapu linasamehe, maana ukili ukipotoka kidogo hufichika kwenye mviringo. Rangi ziache za mwisho. Siku hizi huuzwa za unga wa kuchemshia, ingawa bado wapo wanaochemsha mizizi ya mdaa ili kupata nyeusi, na mimi naiona nyeusi hiyo kuwa tulivu zaidi kuliko ya dukani.

Mkeka ukiwa haukaliwi, uning'inize ukutani ndani ya nyumba, au uuviringishe kwa kulegeza na kuulaza juu ya kabati, na kila unapopita msimu wa mvua uufungue uupige upepo. Lakini ungenisikiliza, ningekuambia uutandike. Mkeka unaokaliwa kila siku hufagiliwa, hupigwa upepo na huonekana mapema ukianza kuharibika.

Assalaam alaykum dada. Mama yetu alifariki mwaka jana akaacha sanduku la leso, zipatazo arubaini, nyingine hazijakatwa wala kupindwa. Aliziwekea vidonge vyeupe vya nondo na harufu yake haijatoka mpaka leo. Nina mimba ya miezi saba na ningependa kumfunga mwanangu leso za bibi yake. Nizioshe vipi, nizihifadhi vipi, na zilizochakaa nizifanyie nini? — Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam, na Mungu amrehemu mama. Naanza na vidonge, kwa sababu hapo pana hatari. Vingi vya aina hiyo ni naftalini, na moshi wake usioonekana hubaki ndani ya nguo muda mrefu. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo si ngeni katika maeneo yetu yenye historia ndefu ya malaria. Mtoto wa namna hiyo akifungwa nguo iliyokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano na upungufu wa damu. Kwa kuwa huwezi kumjua mtoto kwa kumtazama, leso yoyote iliyotoka katika sanduku hilo isimguse kabla haijafuliwa na kuanikwa, na ikiwa baada ya kufuliwa bado inanuka, ifue na uianike tena mpaka pua yako isiisikie kabisa. Vidonge vyenyewe vitupe pasipofikiwa na watoto, maana vinafanana na peremende. Na kwa hali uliyo nayo, kazi ya kuvitoa na kulipangua sanduku mwachie mwenzako, uwanjani, si chumbani.

Jambo la pili ulilizungumze na ndugu zako kabla ya kazi yoyote ya maji na sabuni. Leso za marehemu ni sehemu ya mirathi kama vilivyo vitu vyake vingine, na nimeona nyumba zikigawana shamba kwa amani zikaja kununiana kwa doti moja ambayo kila binti aliikumbuka mama alipoivaa. Zitandazeni zote, msome majina yake kwa sauti, kila mmoja achague. Zitakazobaki ndizo za kufanyia kazi.

Zile ambazo hazijakatwa zina wanga wa kiwandani, na huo ndio unaoita mende na vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua sanduku. Nondo wa nguo hupenda zaidi sufu na hariri. Pamba iliyo safi haimvutii sana. Kwa hiyo leso unayotaka idumu ifue itoke wanga, hata kama ni mpya, uitenge na nyenzake mara ya kwanza kwa sababu nyekundu na nyeusi hutoa rangi, na uianike kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Usiipige pasi yenye wanga wa kupulizia kabla ya kuihifadhi. Ndani ya sanduku tandika shuka jeupe lililofuliwa, na mara mbili kwa mwaka zitoe uzikunje upya kwa mistari mingine, kwani kitambaa cha pamba hupasukia kwanza pale kilipokunjiwa miaka nenda miaka rudi. Ukitaka harufu nzuri, tia karafuu kavu kwenye kifuko cha kitambaa na ukifunge. Zikimwagwa ovyo, mafuta yake huacha madoa.

Kuukuu zilizolainika ndizo hasa za mtoto, na usizionee haya. Hakuna kitambaa cha dukani kinachopokea jasho la kichanga kama leso iliyofuliwa miaka. Zilizopasuka katikati, yaani penye mji, mara nyingi pindo zake bado ni nzima: kata ule mstari wenye jina pamoja na pindo la chini yake, uwe na vipande kumi au kumi na viwili vya upana mmoja, uviunge kwa cherehani ubavu kwa ubavu, na nyuma utie shuka moja la pamba. Utapata tandiko la kitanda linalosomeka. Mabaki ya mji yanatosha foronya na vitambaa vya jikoni. Ukikata leso nzima ili tu upate tandiko, hapo sitakuunga mkono.

Mama, naomba msaada wa karatasi. Vyeti, kadi za kliniki, risiti na mikataba yetu yote imo kwenye mfuko mmoja chini ya kitanda, na juzi friji ilipoharibika nikaitafuta risiti, nikaipata ikiwa nyeupe kabisa. Duka limekataa kuitengeneza bure. — Msomaji, Dar es Salaam

Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi dukani, haina wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi hayo hufifia kwa jua, kwa mafuta ya mikono na kwa kukaa ndani ya baadhi ya plastiki. Siku unayonunua kitu chenye dhamana, itolee nakala ya kawaida au uipige picha kwa simu, kisha nakala na risiti uzibane pamoja na kadi ya dhamana. Usiipeleke ikatiwe plastiki ya moto, kwani joto la mashine litaigeuza nyeusi yote. Rudi dukani uulize iwapo kumbukumbu ya mauzo bado imo kwenye mashine au kompyuta yao. Ukiwa na tarehe ya kununua, au ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu, unayo hoja.

Zilizobaki zigawe kwa namna unavyozihitaji, wala usihangaike na mpangilio wa kupendeza. Bahasha ya kwanza ni ya kukamata usiku ukikimbilia hospitali: kadi za kliniki, kadi za bima, nakala za vitambulisho. Hii ikae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumbani anapajua. Ya pili ni ya vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule pamoja na mkataba wa nyumba, navyo vikae juu kabatini ndani ya chombo chenye kifuniko, kwa sababu chini ya kitanda ndiko maji ya mafuriko na mchwa hufika kwanza. Ya tatu ni ya risiti na dhamana, na hiyo ipunguze kila mwisho wa mwaka. Vijikaratasi vya LUKU, yaani vya umeme wa kulipia kabla, namba zake 20 zikishaingizwa kwenye mita na umeme ukaonekana, sioni sababu ya kuvijaza ndani ya nyumba, isipokuwa kama mnagawana gharama na wapangaji wenzenu.

Kifumbu changu cha kuchujia tui kinachacha baada ya siku chache. Nakiosha kwa sabuni kila mara. — Msomaji, Unguja

Sabuni haifiki ndani ya msuko, na tui lililobaki humo ndilo linalochacha. Mara tu ukimaliza kukamua, kigeuze nje ndani, ukigonge machicha yatoke, ukimiminie maji ya moto mara mbili huku ukikikamua, kisha ukitundike juani kabla hujakaa kula. Kuwa na viwili vya kupokezana, na kisirudi jikoni kikiwa bado kibichi.