Usizichape hizo karatasi

Mdogo wangu, simama kwanza. Umeandika kwamba televisheni imekupa kipindi cha Krismasi, una wapigaji kumi na wawili, mnarekodi Jumamosi hapa Lubumbashi, na nota zote umeziandika kwenye mistari ya piano, "imebaki kubadilisha majina tu na kuchapa." Halafu ukauliza kuhusu kinanda cha kununua, chuo cha kusomea uongozi wa okestra na malipo ya kudai. Hilo neno "majina tu", yaani majina ya vyombo juu ya mistari, nimelisoma mara tatu. Usizichape.

Mimi nilizichapa, miaka sita iliyopita. Kipindi kama chako, wapigaji kumi na wanne: fidla nne, selo, klarineti, saksofoni alto mbili, matarumbeta matatu, tromboni, besi na ngoma. Wapuliza walikuwa wazee wa fanfari, bendi ya vyombo vya kupuliza, ya parokia moja kule Katuba. Kwenye kompyuta wimbo ulilia vizuri hata nikamwamsha mke wangu usiku ausikie. Palipoandikwa Piano nikafuta, nikaandika Tarumbeta. Nikachapa.

Tarumbeta la wazee wetu ni la si bemoli, yaani si iliyoshushwa nusu toni. Mpigaji akisoma do, inayotoka ni si bemoli, toni nzima chini. Klarineti yao ni hivyo hivyo. Saksofoni alto ni ya mi bemoli: akisoma do, unasikia mi bemoli iliyo chini yake. Kwa hiyo wimbo ukiwa katika do, tarumbeta unaliandikia katika re, na alto katika la. Kompyuta haikunionya kwa kuwa nilikuwa nimeiambia kila mstari ni piano, na piano ukiigonga do inatoa do.

Tukaingia studio. Nikainua mkono, nikashusha. Fidla do, matarumbeta si bemoli, alto mi bemoli, zote kwa pamoja. Fundi wa sauti akavua vipokea sauti masikioni. Na hapa ndipo ninapoumia hadi leo: niliwageukia wazee, nikawaambia vyombo vyao havijapatana, wavipatanishe upya. Wakavipatanisha. Tukarudia, ikawa vile vile. Mzee wa tarumbeta la kwanza akaniita, akaweka kidole kwenye karatasi chini ya nota moja, akaipuliza taratibu. "Mwanangu, hii umeandika do. Ndiyo hiyo do yangu. Isikilize."

Studio inalipwa kwa saa. Nilipiga magoti sakafuni na penseli. Wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa wa sekunde 30. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hayo ni mapigo 60, yaani mizani 15 ya mapigo manne manne. Zidisha kwa wapuliza sita waliohitaji kuandikiwa upya: mizani 90, kwa wimbo mmoja. Zilikuwa zimebaki nyimbo sita nyingine. Mtayarishaji akatazama saa, akaamua: iwekwe sauti ya kinanda changu, wapigaji wajifanye wanapiga mbele ya kamera. Yule mzee akalaza tarumbeta lake magotini, akakataa kuliinua. Ukikitazama kipindi kile unamwona, mikono juu ya chombo, anaangalia mbele. Dola 340 za studio na usafiri zilitoka mfukoni mwangu, lakini mzee hakuniitikia salamu mwaka mzima, na hilo ndilo lililonigharimu zaidi.

Nilikuwa nimelipia mafunzo ya siku tatu. Mwalimu akatuambia, "Andikeni tu, kompyuta itapanga yenyewe." Kweli, inaweza, ila uiambie tangu mwanzo kwamba mstari huu ni wa tarumbeta la si bemoli. Hilo hakulisema hata mara moja. Hakuwahi kukaa ndani ya fanfari siku moja maishani, na dola za vijana alizipokea bila aibu. Nakasirika nikikumbuka, na nimekasirika zaidi kuona wewe umefundishwa maneno yale yale.

Unasema unataka njia ya Henry Mancini, aliyeandika muziki wa kipindi cha Peter Gunn kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1958. Vizuri sana. Mancini alifundishwa filimbi na baba yake akiwa mtoto, na baada ya vita alikuwa mpiga piano na mpangaji wa nyimbo katika bendi ya Glenn Miller. Alifika televisheni akiwa ameshakaa na wapuliza, anajua pumzi zao zinaishia wapi.

Ukurasa wowote usifike studio kabla mwenye chombo hajaupiga peke yake, wewe ukiwa umekaa mbele yake. Nenda kwake, kaa barazani, msikilize. Mpiga tarumbeta atakuonyesha pale midomo inapochoka na pale uliposahau kumwachia nafasi ya kuvuta hewa. Mpiga fidla mmoja alinionyesha fa niliyomwandikia chini ya sol ya waya wake wa mwisho. Fidla haina nota hiyo. Kwenye kompyuta ilikuwa imelia bila shida.

Leo ni Jumanne. Yule mzee wa Katuba tulishapatana, na jioni yuko nyumbani. Kesho saa kumi na moja njoo na kurasa za wapuliza, za penseli zinatosha, nikupeleke kwake azipige moja moja.